Jaji Mwenye Betri Mbili: Maisha ya William Robert Grove (1811–1896)

Katika historia ya sayansi wapo watu ambao kazi zao zilishangiliwa wakiwa hai kisha zikasahauliwa, na wapo ambao kazi zao zilipuuzwa, zikaja kufufuliwa baada ya wao kufariki. William Robert Grove ni miongoni mwa wachache waliopatwa na hali zote mbili. Mwanasheria huyu, mzaliwa wa Wales, alibuni betri mbili katika muda usiozidi miaka minne. Ya kwanza ilikuwa na nguvu nyingi na ikasambaa upesi, ilhali ilitoa moshi wenye sumu. Ya pili ilikuwa dhaifu, na mabaki yake yalikuwa maji matupu. Walimwengu waliichukua ile ya kwanza na kuiacha ya pili. Hivi leo ile ya kwanza imebaki katika makumbusho na vitabu vya historia, nayo ya pili ndiyo babu wa mitambo inayoendesha magari yasiyotoa moshi. Makala haya yanaeleza maisha ya Grove kwa kuzingatia hasa jambo moja alilolitambua mapema, nalo ni kwamba nguvu ya betri yake ya pili ilitegemea ukubwa wa mahali ambapo gesi, majimaji na metali hukutana.

Kuzaliwa na Elimu

Grove alizaliwa tarehe 11 Julai 1811 mjini Swansea, kusini mwa Wales. Baba yake, John Grove, alikuwa mtu mwenye nafasi katika eneo la Glamorgan, na alihudumu huko kama hakimu. Swansea ya wakati huo ilikuwa kitovu cha uyeyushaji wa shaba. Mawe yenye madini yaliletwa kwa meli, yakachomwa kwa makaa yaliyochimbwa papo hapo, na moshi wa matanuri ukatanda juu ya bonde la mto Tawe. Kwa hivyo, Grove alilelewa katika mji uliotajirika kwa kemia na kuchafuliwa na kemia hiyo hiyo.

Baada ya kusomeshwa na walimu wa faragha, alijiunga na Chuo cha Brasenose katika Chuo Kikuu cha Oxford, akahitimu shahada ya kwanza mwaka 1832 na ya uzamili mwaka 1835. Oxford ya enzi hizo ilitukuza Kilatini, Kigiriki na theolojia kuliko sayansi, na mtoto wa hakimu hakutarajiwa kushika chupa za asidi. Mwaka huo huo wa 1835 alikubaliwa kuwa wakili katika Lincoln's Inn jijini London. Hata hivyo, afya yake haikuwa nzuri, na kazi ya uwakili ikapungua kabla haijashika kasi. Mnamo mwaka 1837 alimwoa Emma Maria Powles, wakasafiri pamoja barani Ulaya. Ugonjwa uliomnyima mahakama ndio uliompa maabara, kwani ni katika kipindi hicho cha mapumziko ndipo alipozama katika uchunguzi wa umeme.

Betri ya Kwanza

Yafaa ikumbukwe kwamba wakati huo hapakuwa na umeme wa nyaya majumbani wala mitambo mikubwa ya kuuzalisha. Aliyehitaji mkondo wa umeme alitegemea betri, kifaa kilichobuniwa na Mwitaliano Alessandro Volta mwaka 1800. Betri ya Volta ilichoka upesi. John Frederic Daniell wa London aliiboresha mwaka 1836 kwa kutumia zinki na shaba, akapata mkondo uliotulia wenye volti 1.1 hivi.

Mnamo mwaka 1839 Grove alienda mbali zaidi. Alitia zinki ndani ya asidi ya salfuriki iliyozimuliwa kwa maji, na platinamu ndani ya asidi kali ya naitriki, kisha akazitenganisha asidi hizo kwa chungu chembamba chenye vinyweleo. Matokeo yake yalikuwa seli yenye volti 1.9 hivi, na yenye uwezo wa kutoa mkondo mkubwa kuliko nyingine zilizojulikana. Habari zake zilisomwa mbele ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa jijini Paris, na mwaka 1840 Grove akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza. Alikuwa hajatimiza umri wa miaka thelathini. Mwaka 1841 akateuliwa kuwa profesa katika London Institution.

Seli hiyo ilivuka bahari. Simu za maandishi zilipoanza kuenea nchini Marekani katika miaka ya 1840, ni seli za Grove zilizosukuma ujumbe katika nyaya. Lakini kila kizuri hakikosi kasoro. Asidi ya naitriki ilipofanya kazi ilitoa gesi ya rangi ya kahawia iliyochoma koo na mapafu. Kadiri shughuli za simu zilivyoongezeka ndivyo seli zilivyoongezeka, na ndivyo vyumba vya makarani vilivyojaa gesi hiyo. Kufikia takriban mwaka 1860, ofisi za simu za Marekani zilikuwa zikiziacha seli hizo na kutafuta nyingine zisizodhuru. Isitoshe, platinamu ilikuwa ghali mno. Mjerumani Robert Bunsen alikuwa amekwisha kuiondoa tangu mwaka 1841 na kuweka kaboni mahali pake.

Betri ya Pili

Mwaka ule ule wa 1839 Grove aliona jambo jingine lililoonekana dogo. Ilikuwa inajulikana kwamba mkondo wa umeme ukipitishwa katika maji yenye asidi huyatenganisha kuwa gesi mbili, haidrojeni upande mmoja na oksijeni upande wa pili. Grove alitaka kujua kama mwendo huo ungeweza kurudishwa nyuma. Alichukua vipande viwili vya platinamu, akavizamisha nusu nusu katika asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, kimoja kikiwa ndani ya bomba la haidrojeni na kingine ndani ya bomba la oksijeni. Alipoviunganisha kwa waya, sindano ya kipimo cha umeme ilihama na kubaki palipo na mkondo. Maji nayo yakapanda taratibu ndani ya mabomba, ishara kwamba gesi zilikuwa zikitumika.

Haki yataka litajwe pia jina la Christian Friedrich Schönbein, profesa wa Chuo Kikuu cha Basel nchini Uswisi, ambaye mwezi Januari 1839 alichapisha uchunguzi wake kuhusu platinamu na gesi hizo katika jarida lile lile ambalo Grove alichapisha wake mwezi uliofuata. Baadhi ya wanahistoria humpa Schönbein sifa ya kulitambua tukio lenyewe, na Grove sifa ya kulitengenezea kifaa. La kupendeza ni kwamba suala la nani alitangulia halikuwafanya mahasimu. Walikuwa marafiki, wakaandikiana barua kwa miaka mingi.

Kifaa chenyewe kilikamilika mwaka 1842, na Grove akakiita betri ya gesi. Alipanga jozi hamsini za mabomba ya kioo, akaziunganisha mfululizo. Watu watano walioshikana mikono walihisi mshtuko wa umeme uliopita miilini mwao. Cheche ilionekana hata mchana. Aidha, mkondo wa betri hiyo ulipoelekezwa katika chombo kingine chenye maji, uliyatenganisha maji yale kuwa haidrojeni na oksijeni. Grove alihesabu kwamba jozi ishirini na sita ndizo chache kabisa zilizoweza kufanya hivyo. Upande mmoja wa meza gesi ziliungana kuwa maji na kuzaa umeme. Upande wa pili umeme huo ulivunja maji kuwa gesi. Mduara ulikuwa umekamilika.

Uso Unaotenda Kazi

Jozi ishirini na sita ni nyingi. Kinadharia, jozi moja ya haidrojeni na oksijeni ina volti 1.23 hivi, na jozi mbili au tatu zingetosha kuyavunja maji. Kwa nini basi betri ile ilikuwa dhaifu kiasi hicho? Ni katika kulijibu swali hili ndipo kipaji cha Grove kinapodhihirika.

Aliona kwamba si platinamu yote iliyofanya kazi. Sehemu iliyokuwa juu, ndani ya gesi, ilikuwa kavu, haikuguswa na asidi. Sehemu iliyokuwa chini ilizama katika asidi, haikufikiwa na gesi ya kutosha. Kazi ilitendeka katika mstari mwembamba wa kingo za maji, pale asidi inapoparamia metali kidogo na kukutana na gesi. Mahali hapo palihitaji watatu wawepo kwa pamoja, yaani gesi, majimaji na platinamu. Akikosekana mmoja, shughuli husimama. Tatizo, kwa maoni yake, lilikuwa kuupanua uso huo unaotenda kazi. Kwa sababu hiyo alivipaka vipande vyake unga mwembamba mno wa platinamu, ambao kwa kuwa chembe zake ni ndogo na zenye mianya mingi, huonekana mweusi badala ya kung'aa.

Umuhimu wa unga huo unaeleweka vyema tukikumbuka maana ya kichocheo katika kemia. Katika Kiswahili, kuchochea moto ni kuzisukuma kuni ili miali ishike. Kichocheo cha kikemia hufanya vivyo hivyo, ila chenyewe hakiungui. Johann Wolfgang Döbereiner wa Jena, Ujerumani, alionyesha mwaka 1823 kwamba haidrojeni ikipulizwa juu ya platinamu iliyo kama sifongo huwaka hewani bila kuwashwa, na Mswidi Jöns Jacob Berzelius ndiye aliyelipa tukio la namna hiyo jina la kitaalamu katikati ya miaka ya 1830. Katika betri ya Grove, platinamu huipokea molekuli ya haidrojeni na kuigawa, elektroni zake zikapita katika waya na kufanya kazi. Upande wa pili, platinamu huisaidia oksijeni kuzipokea elektroni hizo na kuungana na haidrojeni iliyopita katika asidi. Kinachozaliwa ni maji. Platinamu hubaki kama ilivyokuwa.

Maadamu kazi hiyo hutendeka juu ya uso wa metali wala si ndani yake, atomu iliyofichika katikati ya kipande ni mali isiyozaa. Hesabu nyepesi yatosha kulithibitisha hilo. Gramu moja ya platinamu ikifanywa mchemraba, kila upande wake huwa na urefu wa milimita 3.6 hivi, na jumla ya nyuso zake zote sita haifiki hata sentimita mraba moja. Gramu hiyo hiyo ikisagwa kuwa vitufe vyenye kipenyo cha nanomita 3, yaani sehemu tatu za milioni moja za milimita, jumla ya nyuso zake huwa takriban mita mraba 90, ukubwa wa nyumba ya familia. Haikuongezwa hata chembe moja ya metali. Kilichobadilika ni umbo. Grove hakuwa na hadubini ya kuona chembe za kiasi hicho, lakini alielekeza mkono wake mahali palipostahili.

Mwanafalsafa Katika Maabara

Mbali na vifaa, Grove aliacha fikra. Katika mhadhara alioutoa London Institution mwaka 1842, na baadaye katika kitabu chake kiitwacho On the Correlation of Physical Forces kilichochapishwa mwaka 1846, alieleza kwamba joto, mwanga, umeme, usumaku, mvutano wa kikemia na mwendo si mambo yaliyotengana. Kila moja laweza kugeuka kuwa jingine, wala hakuna nguvu inayozuka pasipo nyingine kutumika. Fikra hizo zilikuwa zikipevuka wakati mmoja na zile za James Joule huko Uingereza, na za Robert Mayer na Hermann Helmholtz huko Ujerumani, ambao majina yao ndiyo yanayohusishwa zaidi na kanuni ya kuhifadhika kwa nishati. Kitabu cha Grove kilipigwa chapa mara sita, ya mwisho ikiwa ya mwaka 1874.

Kwa mtazamo huo, betri ya gesi haikuwa kwake mashine ya kuuzwa sokoni. Ilikuwa hoja. Iliwaonyesha wanafunzi wake, juu ya meza moja, mvutano wa kikemia ukigeuka umeme, na umeme ukigeuka tena kuwa mvutano wa kikemia. Yamkini hii ndiyo sababu mojawapo iliyomfanya asijishughulishe na kuipeleka viwandani. Mwaka 1847 Royal Society ilimtunuku Nishani ya Kifalme. Mwaka huo huo mageuzi aliyoyapigania ndani ya chama hicho yalitimia: idadi ya wanachama wapya ikawekewa kikomo cha kumi na watano kwa mwaka, ili uanachama utokane na kazi ya kisayansi badala ya ukwasi na nasaba.

Kurudi Mahakamani

Sayansi ya wakati huo haikuwalisha watu. Katikati ya miaka ya 1840 Grove, akiwa na mke na watoto wa kuwatunza, aliacha uprofesa na kurejea katika uwakili. Mwaka 1853 akawa Wakili wa Malkia. Ujuzi wake wa kemia haukupotea bure, kwani mashauri ya hataza za uvumbuzi yalihitaji mtu anayeelewa mitambo pamoja na sheria. Mwaka 1856 alikuwa miongoni mwa mawakili waliomtetea William Palmer, daktari wa Rugeley aliyeshtakiwa kwa mauaji ya kutumia sumu ya striknini. Shauri hilo lilivuma kote Uingereza kwa sababu wataalamu walishindwa kuipata sumu hiyo katika maiti, wakabishana mbele ya mahakama kuhusu maana ya kutoonekana kwake. Palmer alipatikana na hatia, akanyongwa.

Hata hivyo, Grove hakuitupa sayansi mkono. Mwaka 1866, akiwa rais wa Chama cha Uingereza cha Kuendeleza Sayansi, alitoa hotuba mjini Nottingham akitetea wazo kwamba maumbile huenda hatua kwa hatua pasipo kuruka, msimamo uliomuunga mkono Charles Darwin wakati ambapo mjadala ulikuwa bado mkali. Mwaka 1871 aliteuliwa kuwa jaji wa Mahakama ya Common Pleas, na mwaka uliofuata akapewa cheo cha Sir. Alistaafu mwaka 1887, akarudia uchunguzi wake wa kale. Alifariki jijini London tarehe 1 Agosti 1896 akiwa na umri wa miaka 85.

Betri Iliyoachwa

Grove aliishi muda wa kutosha kuona betri yake ya pili ikijaribiwa upya. Mwaka 1889 Ludwig Mond na Carl Langer, wanakemia wa asili ya Ujerumani waliofanya kazi Uingereza, waliieneza asidi ndani ya ukuta wenye vinyweleo badala ya kuiacha ikichezacheza katika bomba, wakaufunika ukuta huo kwa platinamu nyeusi. Waliuelewa mstari wa Grove, wakauchukua na kuutandaza ukawa uwanja. Lakini gharama ya platinamu iliwashinda. Zaidi ya hayo, tangu miaka ya 1880 vituo vya umeme vilikuwa vimeanza kujengwa, makaa yakichomwa ili mvuke uzungushe mitambo. Mwanakemia Wilhelm Ostwald alihoji mwaka 1894 kwa nini nishati ya makaa ipitie moto na mvuke na kupotea kwa wingi njiani, ilhali ingeweza kugeuzwa kuwa umeme moja kwa moja. Hoja yake ilikuwa sahihi. Makaa yalikuwa rahisi, na karne iliyofuata ikafuata moshi.

Betri ya gesi, ambayo sasa huitwa seli ya fueli, ilirudi kupitia mikono ya Mwingereza Francis Thomas Bacon, aliyeonyesha mtambo wa kilowati 5 mwaka 1959 baada ya jitihada za zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 1965 seli za fueli zilisafiri katika chombo cha Gemini 5 angani, na zile zilizotokana na ubunifu wa Bacon zikatumika katika safari za Apollo kwenda mwezini. Wanaanga walitumia umeme wake, wakanywa maji yake.

Duniani, kikwazo kilibaki kuwa kile kile cha gharama. Katika miaka ya 1980 watafiti wa maabara ya Los Alamos, Marekani, walizitandaza chembe za platinamu za ukubwa wa nanomita juu ya kaboni, wakazichanganya na utomvu unaopitisha umeme wa haidrojeni, hivi kwamba kila chembe iguswe na gesi, na utomvu, na kaboni kwa wakati mmoja. Kiasi cha platinamu kilishuka mara kumi, kutoka miligramu 4 hadi 0.4 kwa kila sentimita mraba. Tangu hapo watafiti wameichanganya platinamu na kobalti au nikeli, wameivisha kama ganda jembamba juu ya kiini cha metali rahisi, na wametafuta vichocheo visivyo na platinamu kabisa. Gari la Toyota Mirai, lililoanza kuuzwa Japani mwezi Desemba 2014, huendeshwa kwa seli za aina hiyo na kudondosha maji barabarani.

Upande wa pili wa meza ya Grove nao umeamka. Kuyavunja maji kwa umeme wa jua, upepo au jotoardhi ndiyo njia inayotajwa ya kupata haidrojeni safi, na mwezi Septemba 2023 Kenya ilizindua mkakati wake wa haidrojeni hiyo, mbolea ikiwa miongoni mwa malengo yake ya mwanzo. Hapo pia vichocheo vinahitajika, na hapo pia kila chembe hupimwa kwa ukubwa wa uso wake.

Hitimisho

Grove hakuishi kwa uvumbuzi wake wa pili, wala hakuulazimisha uwe wa faida. Alitoa hukumu nyingi akiwa jaji, lakini kati ya betri zake mbili hakuwa yeye mwamuzi. Soko lilichagua nguvu ya haraka, likavumilia moshi, kisha likauchoka. Ile iliyoachwa ilingoja zaidi ya karne moja hadi watu walipojifunza kuitenda kwa ukamilifu kazi aliyoianza mwaka 1842 kwa unga mweusi wa platinamu: kuukuza mstari mwembamba ambapo gesi, majimaji na metali hukutana.